Birika Bila Samaki

Jumanne, tarehe 14 Mei, mwaka 2024. Asubuhi hiyo mvua ya masika ilikuwa imekatika, lakini mawingu yalikuwa bado mazito juu ya mapaa ya mtaa wa Kuze, Mombasa. Bi Mwanakuu alikuwa ameshaswali alfajiri na kumaliza uradi wake. Sasa alikuwa jikoni akikaanga mahamri.

Nyumba ilikuwa na furaha mwezi huo. Binti yake Shifa, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa amerudi kwao kungojea kujifungua. Ndiyo ada: mimba ya kwanza, binti huzalia kwa mama yake. Bi Mwanakuu alikuwa ameingoja heshima hiyo tangu siku ya harusi.

Pa! Shifa alijipiga kofi mguuni.

"Huyo wa ngapi?" mama aliuliza.

"Nimechoka kuhesabu, mama. Mbu wa usiku nawajua. Hawa wa mchana wametoka wapi?"

Bi Mwanakuu alikuwa ameshafukiza udi nyumba nzima. Alikuwa amenunua dawa ya kupuliza, akapuliza kila pembe. Buibui walianguka wamekufa, naye akawafagia. Mbu walipungua siku moja, kisha wakarudi.

Jioni alikuja Hussam, mume wa Shifa, akitoka kazini Shimanzi. Alikaa, akanywa kahawa, akakohoa kidogo.

"Mama, usinielewe vibaya," alisema. "Mtoto wa Bi Lamis, nyumba ya pili, yuko kitandani na homa ya dengue. Homa hiyo huletwa na mbu. Shifa naye hali yake unaiona. Nipe ruhusa nimrudishe kwangu Buxton."

Moyo wa Bi Mwanakuu ulishtuka. Mjukuu wake wa kwanza azaliwe kwingine? Watu watasema nini? Lakini aliogopa zaidi homa ile.

"Nipe wiki mbili, mwanangu," alisema. "Mbu wakiwa bado wapo, mchukue mkeo. Sitakuzuia."

"Wiki mbili, mama. Inshallah."

Usiku ule aliongeza rakaa mbili. Aliomba aonyeshwe njia.

Kesho yake mtu alibisha hodi. Alikuwa Mejumaa, mhudumu wa afya ya jamii. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kwa sababu ya homa ile.

"Asalaam aleikum, Bi Mwanakuu. Habari za asubuhi?"

"Waaleikum salaam. Njema, alhamdulillahi. Karibu, mwanangu. Tazama utakavyo. Nyumba yangu ni safi, hutaona takataka."

"Naona, mama. Maji mnaweka wapi?"

Bi Mwanakuu alimpeleka uani. Hapo palikuwa na birika, yaani tangi la saruji la kuwekea maji, lililojengwa na baba mkwe wake. Maji ya mfereji hayaji kila siku, kwa hiyo birika ndilo lililowatosha kwa kuoga, kufua na kutawadha.

Mejumaa aliomba bakuli jeupe. Alichota maji, akalipeleka bakuli penye mwanga.

"Hebu tazama, mama."

Ndani ya maji yale safi vidudu vyembamba vilikuwa vikijinyonganyonga, vikipanda na kushuka.

"Vidudu vya maji tu," alisema Bi Mwanakuu.

"Hawa ni viluwiluwi wa mbu. Wiki moja tu, watakuwa na mbawa."

Shifa alishika kiuno. "Kumbe mama umefuga mbu, na mimi ndiye chakula chao!"

"Nyamaza wewe!" alisema mama, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. "Haiwezekani. Birika hili nimelisugua kwa mikono yangu, mwezi uliopita, kabla hujaja. Nilimwaga maji yote. Hata wale samaki niliwatoa, nikampa paka."

Mejumaa aligeuka. "Samaki gani?"

"Samaki wadogo, kama kidole. Walikuwamo tangu nimeolewa. Nilisema hapana, mjukuu anakuja, maji ya kutawadhia yasiwe na uchafu wa samaki."

"Mama," alisema Mejumaa taratibu, "umesugua vizuri, lakini umewafukuza walinzi. Mbu huyu wa mchana, mwenye madoa meupe miguuni, hupenda maji safi ya nyumbani. Hutaga mayai ukutani, pale maji yanapofikia. Viluwiluwi wakitoka, samaki huwala. Na buibui nao hula mbu wanaoruka."

"Buibui niliowaua kwa dawa?"

"Ndio hao. Tunadhani maisha mazuri ni nyumba iliyobaki na sisi peke yetu. Kumbe afya yetu imeshikwa na viumbe wengi tusiowajali."

Bi Mwanakuu alilitazama birika. Jambo moja bado lilimsumbua.

"Na tahara, je? Udhu wangu utasihi kwa maji yenye samaki?"

"Hilo mimi silijui, mama. Muulize maalim wako."

Maalim Abdulhalim, mwalimu wa madrasa ya kichochoro cha pili, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Bi Mwanakuu, baharini mna samaki wangapi?"

"Nani awezaye kuwahesabu, maalim?"

"Na ni nani aliyekwambia maji ya bahari hayatawadhiwi?"

Bi Mwanakuu alijifunika uso kwa leso, akacheka mwenyewe. Maalim alikuwa na samaki kama wale katika kisima chake. Alimtilia kumi na wawili ndani ya ndoo.

Kazi ilianza. Bi Mwanakuu na Mejumaa walimwaga maji, wakasugua kuta za birika ili mayai yatoke. Walijaza maji mapya, wakayaacha siku mbili ili klorini itoke, ndipo wakatia samaki. "Wakizaana, msiwatupe mtoni," Mejumaa alionya, "wataharibu maisha ya samaki wa huko." Mapipa na ndoo, ambako samaki hawawezi kukaa, waliyafunika, na kila Ijumaa waliyasugua. Shifa alilala ndani ya chandarua hata mchana. Chupa ya dawa Bi Mwanakuu hakuigusa tena.

Siku chache za kwanza mbu walikuwa wale wale, na Bi Mwanakuu alihesabu siku kwa hofu. Wiki ya pili Shifa alijipiga kofi mara moja tu kutwa nzima.

Siku ya ahadi Hussam alifika na mkoba mtupu wa kutilia nguo za mkewe. Maalim alikuwepo, na Mejumaa pia. Mejumaa alichota maji kwa bakuli, akampa Hussam. Hussam alitazama, akaligeuza bakuli huku na huku. Maji matupu.

"Shifa, umeumwa na mbu leo?"

"Leo sijaumwa. Jana pia."

Hussam aliukunja ule mkoba, akauweka chini ya kiti. "Basi mama, mjukuu wako atazaliwa hapa, Mungu akipenda."

Bi Mwanakuu alifuta machozi kwa pembe ya leso. Kisha akasimama.

"Nyote ni mashahidi. Kuanzia leo, kiumbe chochote chenye uhai ndani ya nyumba hii, sitakitoa mpaka nimeuliza kina kazi gani."

"Hata mende, mama?" Hussam aliuliza.

Wote walicheka, hata maalim. Bi Mwanakuu hakucheka.

"Hata mende. Nitauliza kwanza, ndipo nitachukua kiatu. Nimeahidi mbele yenu na mbele ya Mola wangu."