Kishingo Aliyeacha Kutaga

Kiota kilikuwa kikavu na kitupu. Inspekta Muriuki aliinua majani kwa ncha ya kalamu, akachungulia chini yake. Hakuna yai. Hakuna ganda, wala doa la kiini.

"Tangu lini?"

"Tangu nirudi kutoka mazishini Butere," alijibu Mzee Caleb. "Zamani, karibu kila kukicha yai. Sasa wiki ya tatu sijaona kitu."

Mzee Caleb alikuwa mstaafu wa reli, na nyumba yake ya Makongeni ilikuwa na ua mdogo nyuma. Humo alifuga kuku mmoja tu, kishingo mwekundu, shingo tupu isiyo na unyoya. Mayai ya kuku huyo aliyaweka wakfu. Kila Jumapili yalipigwa mnada baada ya ibada, na kilichopatikana kikaenda kwenye paa jipya la kanisa. Mzee alisimama mbele ya washarika akatangaza kwamba kishingo hachinjwi, hata aje nani.

"Na mwizi mnaye," alimaliza mzee. "Mnangoja nini kumpeleka kortini?"

Aliyekuwa seli ni jirani yake, Muturi, kibarua wa kuchomelea vyuma huko Industrial Area. Mzee alipokuwa Butere, Muturi ndiye aliyetengeneza kitasa cha banda la kuku. Jana jioni watu waliona maganda ya mayai mlangoni pake, wakamvamia kwa fimbo. Konstebo Nerima aliwahi, akamtia ndani, zaidi kwa kumwokoa kuliko kumshtaki.

Asubuhi hii Inspekta alikuwa amezungumza naye kupitia nondo za seli.

"Afande, leo ndiyo ninaandikwa kazi ya kudumu," Muturi alisema, jicho moja limevimba. "Nimekuwa kibarua hapo tangu nimalize shule. Nisipofika kabla ya saa sita wanachukua mse mwingine. Mimi mayai ya huyo mzee sijaonja. Yangu nilinunua dukani."

Sasa ilikwisha kugonga saa nne.

"Mzee, mayai ya kishingo yalikuwa na rangi gani?" aliuliza Inspekta.

"Meupe. Madogo, meupe kama maziwa."

Konstebo Nerima alifungua bahasha ya vielelezo. Maganda yaliyookotwa mlangoni kwa Muturi yalikuwa mazito, ya rangi ya kahawia.

Mzee aliyatazama, akaangalia pembeni. "Basi yangu aliyala, maganda akayatupa mbali. Hawa vijana wana akili."

"Nishikie huyo kuku," Inspekta alimwambia Nerima.

Kishingo alipiga kelele, mtaa mzima ukachungulia. Inspekta alimkagua polepole, kama daktari wa maiti, ila huyu maiti alikuwa akimdonoa. Upanga wa kichwani ulikuwa mdogo, umepauka. Miguu ilikuwa laini, ya manjano inayong'aa. Mwisho alipapasa mifupa ya nyonga chini ya mkia. Hata vidole viwili havikupita katikati yake.

"Mwachilie."

"Amewekewa sumu?" aliuliza mzee kwa hofu.

"Ana afya kuliko mimi. Mzee, kuku anayetaga nyonga yake hupanuka. Miguu yake hupauka, kwa sababu ule umanjano huenda kwenye kiini cha yai. Huyu nyonga haijapanuka wala miguu haijapauka. Huyu ni tembe."

"Tembe?"

"Hajawahi kutaga yai hata moja tangu azaliwe. Hakuna aliyeiba mayai, kwa sababu hapakuwa na mayai. Swali ni hili: yule kuku wako alikwenda wapi?"

Mzee Caleb alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mlangoni, mke wake Phelister alisimama akishika kanga yake kwa mikono miwili.

"Siku uliyorudi kutoka Butere," Inspekta aliendelea, "ulikula nini?"

"Mambo ya chakula yanahusu nini, afande?"

"Ulikula nini?"

"Ugali na mboga. Na firigisi. Mama Whitney huyu hapa aliniwekea firigisi yangu."

Konstebo Nerima alikohoa. Kwao Bungoma ni vilevile: firigisi ni ya mwenye nyumba, na mke anayempa mtu mwingine hutafuta vita.

"Firigisi moja hutoka kwa kuku mmoja," alisema Inspekta. "Hukujiuliza kuku mzima alikwenda wapi?"

"Mtu huuliza chakula kilikotoka akiwa na njaa?"

Inspekta aligeuka. "Mama, usiku wa jana ulileta chai na chapati kituoni. Ulimletea nani?"

Phelister alijifunika uso kwa kanga.

"Ulimletea Muturi. Kitabu cha zamu hakihitajiki, mwenyewe aliniambia chapati zilikuwa tamu. Lakini mama, ni nani anayempikia chapati mwizi wake?"

Machozi yalimtoka Phelister kabla ya maneno.

"Nimemchinja mimi," alisema. "Baba Whitney, nimemchinja mimi."

"Kishingo?"

"Wakwe walikuja! Mama mkwe wa Whitney na wajomba watatu, bila hata kupiga simu, na wewe uko Butere. Wamesimama hapo mlangoni na viatu vyao vya kung'aa. Nyumbani kuna mboga ya sukuma na unga wa ngano. Ningewapa sukuma wakwe? Wakarudi kumwambia mtoto wetu kwamba kwao hakuna kuku?"

"Ungenunua nyama!"

"Nyama ya buchari kwa wakwe? Wewe mwenyewe ungenisema mpaka leo."

Mzee aligeukia banda la kuku.

"Kesho yake nikazunguka soko lote nikitafuta kishingo mwekundu," Phelister aliendelea. "Muuzaji akaniapia, mama, huyu anataga kesho. Nikasema, akianza kutaga nani atajua? Nikangoja. Jana walipompiga yule kijana sikulala. Nilifika kituoni nikasema nitasema, nikaona lile sanduku la sadaka la kanisani mbele ya macho yangu, nikashindwa. Afande, nifunge mimi."

Tembe alikwaruza udongo.

"Walikula?" Mzee Caleb aliuliza hatimaye.

"Walikula."

"Walimaliza?"

"Mpaka mifupa. Mama mkwe alisema tangu aingie Nairobi hajakula kuku kama huyo. Alisema Whitney ametoka nyumba ya watu."

Mzee alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Kicheko kilianzia tumboni, kikamtikisa juu ya ndoo. "Na firigisi nikala mimi! Nimekula sadaka ya kanisa na chumvi juu!" Phelister naye akacheka huku akilia. Nerima aligeukia ukuta, mgongo ukitikisika.

Inspekta alitazama saa. "Mzee, unaondoa malalamiko?"

Kicheko kilikatika. Mzee Caleb alisimama, akavaa koti lake la reli, akalifunga vifungo vyote.

"Saa ngapi sasa?"

"Tano inakaribia."

"Basi twende. Mimi ndiye niliyewaita wale watu wenye fimbo."

Kituoni Muturi alitoka seli akichechemea. Alipomwona mzee alirudi nyuma.

"Nisamehe, kijana," alisema Mzee Caleb mbele ya askari wote. "Ni mimi niliyekosea."

"Sawa, mzee," Muturi alisema haraka. "Tutaongea. Lakini saa, mzee, saa!"

Gari la polisi lilipita Jogoo Road na king'ora, jambo ambalo Inspekta hakuliandika popote. Lilipofika lango la kiwanda, vibarua waliokuwa wakingoja nje walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Mlinzi alikimbia kuja na funguo, uso umemkauka.

"Afande, mnamtafuta nani?"

Mzee Caleb aliteremka wa kwanza. Alimshika Muturi mkono, jicho limevimba na shati limechanika, akamwongoza hadi langoni.

"Hatumtafuti mtu," alisema. "Nimemleta kijana wangu kazini. Mfungulie."