Niliwashuku Wote, Nikamwacha Mshenga

Nina umri wa miaka arobaini na mbili, mama wa watoto wawili. Naishi Mshangano, pembezoni mwa mji wa Songea, katika nyumba tuliyoijenga mimi na mume wangu na ambayo sasa naifagia peke yangu.

Ndugu wasomaji, kabla sijaanza niwaambie ukweli. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua sukari dukani, naipima upya nyumbani. Mtu akinisifia gauni, najiuliza anataka nini. Marehemu mama alikuwa akinitania kwamba nitamshuku hata padri anayeniungamisha! Sasa mtu wa namna hiyo anabomolewaje nyumba yake mchana kweupe? Nisikilizeni...

Miaka ile soko huria lilikuwa limepamba moto. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya ushirika hapa mjini. Wanunuzi binafsi walikuwa wakiingia vijijini na magari yao kununua tumbaku, na ofisi yetu ikawa inasinyaa. Leo meza hii haina mtu, kesho ile imeondolewa kabisa. Wenzangu walikuwa wakisema tutulie, serikali haiwezi kututupa. Mimi sikuamini hata kidogo! Kila bosi alipotuchekea nilijiambia, huyu anacheka kwa sababu ameshajua nani anaondoka.

Nikaamua kutafuta kitu changu mwenyewe mapema, nikiwa bado nina mshahara.

Wakati huohuo kafe ya intaneti ilikuwa imefunguliwa mjini. Kilikuwa chumba kidogo chenye kompyuta chache na feni yenye kelele, na umeme wa Songea siku hizo ulikuwa wa jenereta, unakatika unapojisikia. Lakini kwa kuwa nilikuwa mpiga chapa, kompyuta haikunitisha. Nikafunguliwa anwani ya barua pepe, nikamwandikia rafiki niliyesoma naye ambaye alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Nikamwuliza kama watu wa kwetu walioko huko wangependa asali ya nyumbani.

Jibu lake lilinifanya nicheke peke yangu mbele ya kompyuta. Alisema asali wanayouziwa kule ni maji ya sukari yaliyoungua, na ofisi yao nzima inasubiri!

Asali ilitoka Namtumbo, kwa baba mkwe wangu. Mzee huyo alikuwa na mizinga porini na hakuwahi kuchanganya asali yake na kitu chochote. Mume wangu, Baba Agnes, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jumamosi alikuwa akipanda basi kwenda kwao na kurudi na madumu. Mimi nachuja, najaza kwenye chupa, nafunga kila kizibo kwa uzi mwekundu na nta ili makondakta wa basi wasinionjee mzigo njiani. Jioni nikitoka kazini napita kafe kusoma nani anataka nini. Mume wangu alifurahi mno. Akaanza kuniita Mkurugenzi, na watoto wakamwiga.

Jamani, tulikuwa na raha! Nani angenikuta siku zile akaniambia kwamba yatakuja kunifika haya?

Sasa niwaambie kuhusu mshenga wetu, Mzee Eusebi. Ndiye aliyepeleka posa kwetu na kubishana na baba zangu wadogo mpaka tukaoana. Alikuwa jirani, mwimbaji wa kwaya, mwenye duka dogo pale Mshangano. Na sisi tulilelewa hivyo, kwamba mume na mke wakikwaruzana hawarushiani maneno. Unayapeleka kwa mshenga, naye anamfikishia mwenzio yakiwa yamepoa. Nilimheshimu kama mzazi.

Duka lake lilikuwa linakufa. Bidhaa za bei poa zilijaa sokoni na watu hawakumpitia tena. Siku moja alinijia kwa upole wake, akaniomba apokelee barua za mwanawe aliyekuwa Dar kwenye anwani yangu ya kompyuta.

"Mama Agnes, si sote tunatumia sanduku moja la posta pale parokiani?" aliniambia. "Na hili ni sanduku tu."

Niliona ni kweli. Maisha yetu yote barua zimekuja kwenye sanduku la shule, la parokia, la jirani. Nani alikuwa na sanduku lake peke yake? Nikampa neno la siri. Mimi, mtu wa kupima sukari! Nikaendelea kumkodolea macho ya ubaya binti aliyekuwa akihudumia pale kafe, eti anachungulia barua zangu...

Haukupita muda mrefu, nikapunguzwa kazini. Wenzangu walilia pale ofisini mpaka wengine wakakaa chini sakafuni. Mimi sikulia. Nilirudi nyumbani nikijipongeza, maana asali ilikuwa inatosha kututunza. Nikawa naenda kafe asubuhi na jioni, nikitafuta wateja hata Mwanza na Arusha.

Hapo ndipo nyumba yangu ilipoanza kuoza.

Baba Agnes aliacha kuniita Mkurugenzi. Siku moja nikiwa kafe niliinua macho nikamwona amesimama mlangoni. Hakuingia. Alinitazama, akamtazama mwenye kafe, akageuka akaondoka. Kesho yake nikamkuta ananusa mtandio wangu! Nikajiuliza, huyu anatafuta nini kwangu? Au ana lake analolificha, ndiyo maana anatafuta la kwangu?

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nikaenda kwa mshenga.

Mzee Eusebi alinikaribisha kiti, akaguna, akatikisa kichwa kama mtu mwenye huruma. Akaniambia kwamba ameumia kwa ajili yangu. Mume wangu, alisema, amenasa kwa mwalimu mwenzake wa kike pale shuleni. Nilitaka kuinuka nikamvae siku hiyohiyo, lakini akanishika mkono.

"Usimwulize, mwanangu. Ukimwuliza ataondoka kweli. Niachie mimi."

Nikamwachia yeye. Ee Mungu wangu, nikamwachia!

Kuanzia hapo kila kitu kikawa ushahidi. Baba Agnes akipiga pasi shati, nasema anampendezea nani? Akichelewa kusahihisha madaftari, moyo unanipasuka. Akiwa mkimya, nasema dhamira inamsuta. Nilikuwa nalala nimempa mgongo, naye amenipa wake, na katikati yetu kuna nafasi ya kulaza mtoto.

Biashara nayo ikaanza kuniponyoka. Nikifungua barua pepe, hakuna jipya. Wateja wangu wa siku zote wamenyamaza. Kisha Baba Agnes akaniambia, bila kunitazama, kwamba baba yake anasema mwaka huu asali hakuna. Nilijua ni uongo, maana mvua ilikuwa nzuri na maua yalikuwepo. Nikaamini kwamba asali yangu anapelekewa yule mwalimu wa kike. Nilirudi kwa mshenga, naye akakubali kwa masikitiko kwamba hata yeye amesikia hivyo.

Mnaona? Kila nilipochimba, nilikuta kile nilichokuwa nakitafuta.

Mwishowe mume wangu aliomba uhamisho. Akapangiwa Nalasi, kule wilaya ya Tunduru kwenye mikorosho. Siku ya kuondoka aliwabusu watoto, akabeba begi lake, akasimama mbele yangu kana kwamba anangoja kitu. Nami kwa kiburi nikakunja mikono.

"Haya, nimekuachia uwanja," alisema.

Uwanja gani? Swali lilikuwa mdomoni mwangu kabisa! Lakini nilikumbuka nimekatazwa kuuliza. Nikageuza uso. Akaondoka.

Nilikaa kwa shida. Niliuza vitumbua, nikafulia watu nguo, nikawadanganya watoto kwamba baba yao atakuja likizo. Likizo ikafika, hakuja. Shida ilipozidi nilipiga moyo konde, nikaamua kwenda mwenyewe Namtumbo kumwuliza baba mkwe kosa langu ni nini. Kwetu si adabu, mkamwana kwenda ukweni na malalamiko bila mshenga. Nilikwenda hivyohivyo.

Nilipopiga magoti kusema shikamoo, mama mkwe aliitikia kwa mbali na hakupokea mfuko wangu. Nikainua macho. Barazani palikuwa na chupa za asali zimepangwa, na kila kizibo kimefungwa kwa uzi mwekundu na nta! Nani mwingine anafunga hivyo kama si mimi?

Baba mkwe aliniuliza nimekuja na nani. Nikasema peke yangu. Akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Mkamwana, sisi tuliambiwa wewe umeshampata mwenye kafe. Mshenga alisema umetuma tusikufuate, watu wasije wakaaibika kanisani. Na asali akasema usiipate tena, tumpe yeye, atatutafutia wanunuzi wengine huko Dar."

Mwenye kafe! Mzee ambaye hata jina lake nilikuwa silijui vizuri! Nililia mpaka mama mkwe akaja akanishika. Nikawaeleza yote, tangu neno la siri mpaka yule mwalimu wa kike. Nao wakashika vichwa. Kumbe mzee yule alikuwa anasoma maagizo ya wateja wangu kwa msaada wa mwanawe, anayafuta, halafu anawapelekea asali ya ukweni kwangu, akiwa amewafundisha wakwe zangu kufunga chupa kwa uzi mwekundu kama mimi. Akabakiwa na kikwazo kimoja, mimi na mume wangu kuzungumza. Na sisi wenyewe tukamsaidia kukiondoa.

Baba mkwe alimwita mwanawe kutoka Nalasi. Mshenga naye aliitwa. Hakuja, aliagiza kwamba anaumwa kiuno. Baadaye alihamisha duka lake mbali na Mshangano, na kwaya hakurudi tena.

Mimi na Baba Agnes tuliketi chumba kimoja kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kila mmoja akatoa alichoambiwa. Alisema, "Uliniita mwanaume wa chaki, hufai kulisha mtu." Nikasema sijawahi. Nikasema, "Wewe ulisema unaona haya kuwa na mke asiye na kazi." Akaapa hajawahi. Yule mwalimu wa kike alikuwa mama mtu mzima anayekaribia kustaafu! Tulikuwa tunalia na kucheka kwa pamoja kama wendawazimu. Nilinyoosha mkono nimshike...

Hakuupokea. Aliinamisha kichwa, akasema kuna binti kule Nalasi. Ana mimba yake. Yeye ameshajitambulisha kwa wazazi wa binti huyo, na wazee wa huko wameshampokea.

"Kwa nini hukuniuliza, Mama Agnes? Siku ile nimebeba begi nilikungojea uniulize."

"Na wewe? Ulisimama pale mlangoni kwa nini hukuingia?"

Asubuhi alipanda gari la Tunduru. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikampungia mkono, maana nilikuwa nimeshajua kwamba yule aliyekuwa mbele yangu si wa kumlaumu.

Biashara nimeirudisha. Nilipata warina asali wengine, nikafungua anwani mpya, na neno lake la siri hata wanangu hawalijui. Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sisemi mbaki mmeketi mkisubiri mshahara! Mimi ofisi ilinitupa, lakini sikulala njaa kwa sababu nilikuwa nimeanza mapema. Anzeni hicho chenu jioni baada ya kazi, lakini funguo zake msimgawie mtu, hata awe anaimba kwaya.

Na wenye ndoa, nawaomba kwa machozi. Neno lililoko kati yako na mwenzio, liseme wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, hata kama linachoma. Msimpe mtu alibebe.

Mwaka huu wamekuja kumposa Agnes wangu. Wameleta mshenga, mtu mzima mwenye maneno matamu. Nimempikia wali na kuku, nimemheshimu kama mila inavyotaka. Alipomaliza kula nilimwambia mbele ya wote kwamba namshukuru kwa kuwaleta hawa watoto pamoja, na kwamba siku watakapofunga ndoa kazi yake itakuwa imekwisha. Wageni waliguna. Agnes alinikodolea macho kwa aibu, kisha akamgeukia mchumba wake na kumwuliza kwa sauti, pale pale mbele yetu, kama ana neno lolote moyoni. Kijana akasema analo, na akaanza kulisema.