Pindo la Mbele

"Wewe! Ndiyo, wewe mwenye kandambili! Mama yangu yuko kwenye benchi hili tangu asubuhi, unapita tu kama humwoni?"

Foleni nzima ya eksirei ikageuka. Mwenye kandambili alikuwa kijana mrefu, nguo za kijani za thieta, kofia imemlalia upande, kipande cha mkate mdomoni. Aliyemfokea alikuwa fundi cherehani, gauni la bluu limemkaa sawasawa kiunoni, tepu ya kupimia ingali shingoni maana alitoka dukani mbio. Mama yake aliinua beseni la nguo, akasikia kitu kimesema ka! mgongoni, na tangu hapo hakai wala halali bila maumivu.

Kijana akameza mkate. Alikuwa daktari wa upasuaji wa mifupa, lakini kitanda cha magurudumu alikisukuma mwenyewe. "Twende, mama. Na wewe dada, ulimi wako ni sindano."

"Ndiyo kazi yangu," binti akajibu.

Picha ilionyesha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea kwa mbele. Mifupa ya uzeeni hutoboka ndani kama mkate uliokauka, daktari alieleza, na beseni tu linatosha kuivunja. Wataanza na dawa za maumivu na mkanda wa mgongo, wengi hupata nafuu hivyo. Ikishindikana, watapenyeza sindano nene kwa nyuma, waitanue pingili kwa puto dogo, wajaze saruji ya mifupa.

"Saruji? Kwani mama yangu ni ukuta?"

"Basi niite Saruji, nami nikuite Sindano."

Simu zikaanza. Mwanzoni zilikuwa za mama: amekula, amelala? Baadaye mama akasahaulika.

"Saruji, umekula?"

"Nimekula sauti yako."

"Mwongo mkubwa! Sauti yangu ina pilipili."

"Ndiyo maana nalia, mpenzi."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mama mwenyewe, chali kitandani, alisema, "Mwambie daktari wako dawa zake hazinisaidii. Simu zake ndizo zinakusaidia wewe."

Na kweli hazikumsaidia. Wiki zikapita, bado analia akigeuzwa. Ikapangwa siku ya upasuaji. "Nitakuwepo," Saruji akaahidi.

Siku yenyewe, wodini akaingia mwanamke wa makamo, miwani puani, daktari ambaye Sindano hamjui. "Mgonjwa huyu ni wangu leo. Mwenzangu amejitoa."

Amejitoa! Hebu niambie, ungekuwa wewe? Sindano akapiga simu, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Mama kashaingizwa thieta, na damu inamchemka binti wa watu. Akakata korido kwa visigino, ko, ko, ko, mpaka akamkuta Saruji nje ya thieta, shati jeupe la pasi, amejikunyata kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa.

"Mwoga wewe! Umeona mifupa imechoka, ukaogopa atakufia mikononi jina lako lichafuke! Siku zote 'mpenzi, mpenzi', kumbe longolongo tupu!"

"Nisikilize."

"Sikusikilizi! Na simu umezima!"

"Nimezima kwa sababu niliona haya kukwambia!" Saruji akasimama, naye sasa kakasirika. "Hapa hatupasui watu wa nyumbani. Jana nilimtazama mama amelala nikaogopa, nikajua siwezi. Nikamwomba aliyenifundisha kazi hii. Nimekaa benchi la ndugu, huoni?"

"Wa nyumbani kwako tangu lini? Umeleta posa?"

"Nilikuwa nataka..."

"Yaani umeshamfanya mkwe kabla hujaniuliza mimi? Mimi nakuja kuambiwa na mgeni mwenye miwani! Ungenipigia jana, ungekufa?"

Saruji akashusha pumzi. "Hapo nimekosa. Nisamehe. Lakini hasira hizi, Sindano, hazinihusu mimi peke yangu."

Na kweli hazikumhusu yeye peke yake. Sindano akaketi, akaivuta tepu yake ya kila siku shingoni, akaizungusha vidoleni.

"Miaka mama ananiletea magauni yake. 'Mwanangu, yanaburuza mbele.' Mimi nafanya nini? Nakata pindo la mbele, napiga pasi, namwambia umependeza. Fundi mzima nisijiulize kwa nini gauni linarefuka mbele tu! Alikuwa anapinda, Saruji. Mgongo unabomoka, mimi nakata nguo!" Akalia kwa hasira, akijipiga paja.

Saruji hakumwambia usijali. Angetukanwa. "Mama yangu mzazi alipinda hivyo hivyo," akasema. "Tukasema ni uzee."

Wakakaa benchini mpaka mlango ukafunguliwa. Miwani ikachungulia. "Imekaa vizuri. Jioni atasimama."

Na akasimama. Alishika kitanda, kisha mkono wa Saruji, akanyooka polepole huku akiyangoja maumivu ambayo hayakuja. Hakunyooka kama msichana, lakini alinyooka. Halafu akatazama chini. Gauni lake la maua lilikuwa limepanda mbele, miundi yote nje.

"Nani kanikatia nguo hivi?" akafoka. "Mbele ya mkwe!"

"Mkwe gani, mama? Huyu hajaniuliza."

"Nakuuliza sasa," Saruji akasema.

"Uliza vizuri. Bado nimekasirika."

"Sindano wangu, nikuoe, na hasira zako zote?"

"Nioe. Na ukizima simu tena, nakushona mdomo."

Wakaanza kulia, mmoja anamfuta mwenzake. Mama hakuwa na muda nao. Akanyoosha mkono, akaichomoa tepu shingoni mwa binti yake, akamrushia kifuani.

"Nataka gauni jipya la harusi," akasema. "Nipime sasa hivi, nimesimama."