Mwalimu Alianza Kutazama Miguu

— Nipe mkono, mama watoto.

Tulikuwa chini ya ngazi, mimi na kapu la mboga, mume wangu na funguo za gari. Tunakaa ghorofa ya tatu. Nikampa mkono.

Mdogo wangu, aliyekuwa nyuma yetu na mfuko wa unga, akaangua kicheko.

— Shemeji, watu wazima na mambo haya? Mtatuletea mtoto mwingine!

— Wivu haujengi, shemeji, — akajibu mume wangu.

Miezi mitatu alikuwa hivyo, na niseme ukweli, nilikuwa nimeyeyuka. Miaka ishirini na sita iliyopita nilikuwa mwanafunzi wake. Nimetoka chuoni na diploma yangu, lakini klachi na breki sizijui. Yeye mwalimu wa udereva, shati limenyooshwa, sauti haipandi hata umkosee vipi. Kila nilipoinama kutafuta pedali, aliniambia, "Usitazame miguu, dada. Miguu inajua kazi yake. Tazama mbele." Siku niliyofaulu mtihani alinishika mkono kunivusha barabara, tukafika ng'ambo, hakuuachia.

Baadaye wakaja watoto, ukaja na ugonjwa wake wa sukari, mikono ikapata kazi nyingine. Sasa mkono ulikuwa umerudi. Kiu yake isiyoisha, kwenda chooni kila saa, hasira za bure, yote niliyaita uzee.

Jumanne saa nne asubuhi, ujumbe ukaingia kutoka kwa mwenye shule ya udereva:

"Mama, njoo. Mwalimu na mwanafunzi wamegonga geti. Hakuna aliyeumia."

Nilimkuta kwenye benchi. Mwanafunzi wake, binti mmoja msusi, akawahi kusema kabla sijauliza:

— Kosa langu, mama, nilikanyaga mafuta badala ya breki. Lakini mwalimu ana breki yake upande wake. Alikanyaga kwa nguvu zote! Nikatazama, mguu uko pembeni, unakanyaga sakafu.

— Viatu vipya hivi, — akasema mume wangu.

— Vya mwaka juzi, — nikamjibu. — Twende nyumbani.

Niliendesha mimi. Tulipopanda ngazi nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kila kipandio, macho chini. Anatazama miguu.

Mlango ulipofungwa tu:

— Vua.

— Nivue nini?

— Kiatu. Usinichezee.

Soksi ilikuwa imegandamana na nyama. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda cha upana wa kifungo cha koti. Nikakung'uta kiatu, kokoto ikadondoka.

— Hii imekaa humu tangu lini?

— Sijui.

— Haikuumi?

— Huko chini hakuna kinachouma, mama watoto. Ni kama nimevaa miguu ya mtu mwingine.

Nikafungua friji. Nyuma kabisa, boksi za insulini, hata moja haijafunguliwa. Nikachukua daftari lake la kliniki, anamoandika vipimo vya sukari vya kila siku. Saba, saba, saba na nusu, saba. Wino mmoja, mwandiko wa haraka.

— Umeziandika siku moja hizi.

— Asubuhi ya kliniki.

— Umenidanganya mimi, umemdanganya daktari. Na sukari je, nayo imedanganyika?

Akalichukua daftari, akalifunga.

— Kuna siku nilichoma sindano, nikakosa nafasi ya kula. Sukari ikashuka nikiwa na mwanafunzi barabarani. Jasho, mikono inacheza, ulimi mzito. Mzazi wake akasema mbele ya watu, "Mwalimu kalewa asubuhi yote hii." Mimi, ambaye pombe sijaionja! Nikaona bora ipande. Ikipanda hakuna anayeona.

— Mimi ningeona! Ningekufungia chakula uwe nacho garini.

— Ungenikataza gari.

— Ningekukataza, ndiyo! Kuliko ukatwe mguu, au uue mtoto wa watu!

Kulikuwa na kingine kilichokuwa kinaniuma zaidi, na niliona aibu kukitaja.

— Na huo mkono? Miezi mitatu najisifu. Kumbe nilikuwa fimbo yako.

— Kwenye ngazi, ndiyo. Niliogopa kuanguka.

— Asante.

— Ngoja basi, mwanafunzi wangu. Jumapili tulikaa kwenye kochi nimekushika saa nzima. Kwenye kochi ningeangukia wapi?

Sikutaka kucheka. Nikacheka, nikalia, kisha nikakifunika kidonda kwa kitambaa safi.

— Sikia. Kuuguza mgonjwa naweza, kuuguza mwongo siwezi. Tunakwenda hospitali sasa hivi, na utayasema kwa mdomo wako. Ukidanganya tena, leo nalala kwa mdogo wangu, na sirudi.

Daktari wa kliniki, kijana wa kumzaa, alipekua daftari akatabasamu.

— Namba nzuri hizi, mzee. Sindano unachoma kila siku?

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Nikauma meno. Nikaitazama mizani pembeni ya mlango, kisha dirisha, kisha mizani tena.

— Hapana, daktari, — mume wangu akasema. — Nusu mwaka sijachoma. Namba hizo nimezitunga. Miguu haina hisia, mmoja una kidonda, na leo nusura niue mtu. Naogopa.

Mume wangu ameniambia maneno matamu mengi tangu siku zile za klachi na breki. Hakuna lililonifika kama hayo, na wala hakuwa anayasema kwangu.

Nikasogeza kiti changu kikagusana na chake.

— Andika, daktari, — nikasema. — Andika yote. Tupo wawili.