Tufe la Pikapu ya Azizi

Likizo ya mwezi wa sita haikuwa ya kulala kwa Luciana. Kila asubuhi, upepo wa Ufipa ukiwa bado unauma masikio, yeye na mama yake, Rozina, walikunywa uji wa ulezi wakiwa wamesimama, kisha wakatoka nyumbani kwao Mollo kufuata mashine yao ya kupukuchua mahindi. Mashine hiyo ilikuwa imefungwa juu ya tela dogo la magurudumu mawili, nao waliivuta kwa pikapu ya jirani kijiji kwa kijiji wakiwapukuchulia wakulima waliokwisha kuvuna. Baba yake alikuwa shambani akikata ulezi, kwa hiyo kazi ya mashine ilibaki kwa mama na binti.

Mama alisimamia injini. Luciana, aliyekuwa darasa la saba, alifagia magunzi, alishika midomo ya magunia na kuzibua mahali palipoziba. Jioni alikohoa vumbi. Usiku, hata akifumba macho, alisikia ngurumo ya mashine masikioni.

Alikuwa na kazi nyingine moja, ndogo, ambayo mama alimkabidhi yeye tu. Nyuma ya gari la kuvuta kulikuwa na tufe la chuma, na mbele ya mkono wa tela kulikuwa na kikombe cha chuma kilicholala juu ya tufe hilo na kulibana. Kila walipofunga tela, Luciana alibana komeo la kikombe, akafunga mnyororo wa usalama, kisha akauinua mkono wa tela kwa nguvu zake zote. Gari likiinuka kidogo pamoja na mkono, maana yake kikombe kimeshika. Kikombe kikichomoka, hakuna safari.

Siku hiyo walikuwa wamemaliza kazi katika kijiji kimoja upande wa barabara ya Kasesya, iendayo mpaka wa Zambia. Pikapu ya jirani iliyozoea kuwavuta ilikuwa gereji, hivyo mama alikuwa amemwita Azizi, kijana wa mtaa wa Majengo mjini, ambaye familia yake ilikuwa na duka la vipuri na magari ya kukodisha. Azizi alifika mchana na pikapu yake, macho mekundu. Alikuwa ametoka mpakani alfajiri na hakuwa amelala.

"Shikamoo mama Luciana. Poleni na kazi."

"Marahaba, baba. Tumeshapoa. Tufungie tela twende, maana kesho asubuhi mzee Adolfu anatusubiri tumpukuchulie."

Azizi alirudisha gari nyuma polepole mpaka tufe likawa chini ya kikombe. Kikombe kikateremka bila shida yoyote. Kwa kawaida kiligoma kidogo, mpaka Luciana akisukume kwa kiganja. Leo kiliingia kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake.

"Limeingia," Azizi alisema, akapiga mwayo na kwenda kukaa kwenye usukani.

Luciana alibana komeo, akafunga mnyororo. Kisha akautazama mkono wa tela. Mabega yalimuuma. Viganja vilikuwa vimechubuliwa na kamba za magunia. Aliinama, akaugusa ule mkono, akauacha.

"Luciana, umeinua?" Mama aliuliza, tayari yuko ndani ya gari.

"Nimeinua, mama. Limeshika."

Alipanda kiti cha nyuma, akafunga mlango.

Njia ya kijijini ilikuwa na mashimo. Mama alisinzia kabla hawajafika mbali, kichwa kikigongagonga kioo. Azizi alifungua redio, akaizima, akaanza kuimba peke yake ili usingizi usimchukue. Luciana alitaka kulala pia, lakini kila gari liliporuka shimo alisikia sauti nyuma. Ko. Kisha tena, ko.

Akageuka kutazama kupitia kioo cha nyuma. Tela lilikuwa linarukaruka. Gari lilipopanda tuta, mashine iliinuka peke yake na kurudi chini. Ko.

Mbele kidogo njia ilikuwa inaungana na barabara kuu, na baada ya hapo kulikuwa na mteremko mrefu. Ilikuwa siku ya gulio. Watu walikuwa wanarudi makwao kwa miguu pande zote mbili za lami, na malori ya Zambia yalikuwa yanapita.

Akifungua mdomo, mama atajua kwamba alimdanganya. Azizi naye atakasirika. Wote wamechoka, wanataka kufika. Huenda tela litafika hivyohivyo, aliwaza. Si mnyororo upo?

Ko. Safari hii mashine yote iliyumba.

"Kaka Azizi, simama!"

"Kuna nini? Tutasimama huko mbele, mdogo wangu."

"Simama sasa! Tela halijashika!"

Mama alizinduka. "Si ulisema umeinua?"

Luciana alihisi uso unamwaka moto. "Sikuinua, mama. Nilikudanganya. Simameni, tafadhali."

Azizi hakuuliza tena. Alipunguza mwendo, akakanyaga breki taratibu. Walipokaribia kusimama, kikombe kiliruka juu ya tufe na kuanguka. Mkono wa tela ukachimba ardhi. Mnyororo ukakazika kwa kishindo, gari likavutwa nyuma, kisha kila kitu kikatulia katika wingu la vumbi.

Barabara kuu ilionekana pale mbele. Kina mama waliotoka gulioni walikuwa wanapita na beseni kichwani, watoto wao wakikimbizana nyuma. Lori lilipita likipiga honi. Mama aliteremka, akawatazama wale watoto, akaketi chini palepale kando ya njia.

Azizi aliweka mawe kwenye magurudumu ya tela, akakata matawi na kuyatandika njiani ili wengine wajue kuna gari bovu. Kisha akampigia simu dada yake, Nadhira, aliyekuwa dukani Majengo.

"Dada, tela limechomoka. Hapana, hakuna aliyeumia."

"Alhamdulillahi," Nadhira alijibu. Azizi alikuwa ameweka simu sauti kubwa, na wote walisikia. "Sasa niambie, tufe lako ni la ukubwa gani?"

"La kawaida tu."

"Hakuna la kawaida, Azizi. Limeandikwa juu. Futa usome. Na kikombe nacho kimeandikwa."

Luciana alichukua kitambaa, akafuta grisi na kutu juu ya tufe. Namba zilikuwa zimechakaa, ikabidi azifuate kwa kidole. "Inchi moja, na saba juu ya nane," alisema. Akaenda kwenye kikombe, akakwangua rangi kwa kucha. "Huku ni inchi mbili."

"Umeona?" Nadhira alisema. "Tofauti ni moja juu ya nane. Kwa macho huioni, ila barabarani inaonekana. Tufe likiwa kubwa kuliko kikombe, halitaingia, utajua mapema. Likiwa dogo ndiyo hatari, kwa sababu litaingia na litakudanganya. Haya, mashine ina uzito gani? Maana tufe nalo lina kiwango cha mzigo, na mguu wake wa kufungia nati lazima ulingane na tundu la hapo kwenye gari."

Mama alimtajia uzito wa mashine na tela. Azizi alipima tundu kwa rula iliyokuwa ndani ya gari. Nadhira akasema analo tufe linalofaa, atamtuma Flavian wa bodaboda pamoja na spana kubwa.

Wakasubiri. Upepo ulizidi kuwa baridi. Mama alimpigia mzee Adolfu kumwomba radhi kwamba huenda kesho wakachelewa, kisha akajifunika kitenge hadi shingoni. Hakumgombeza Luciana. Hakumsemesha kabisa, na hilo lilimuuma Luciana kuliko fimbo.

Jua lilikuwa limeinama Flavian alipofika. Azizi alifungua nati, akatoa tufe la zamani, akafunga jipya na kulikaza mpaka mishipa ikamtoka. Waliunyanyua mkono wa tela kwa pamoja. Kikombe kiligoma kidogo. Luciana akakisukuma kwa kiganja, kikakaa. Akabana komeo. Akafunga mnyororo. Hakusubiri kuulizwa. Aliushika mkono wa tela, akavuta juu hadi magoti yakatetemeka. Nyuma ya pikapu ikapanda pamoja naye.

"Limeshika," alisema, akahema. "Njoo ujaribu na wewe, mama."

Mama alikuja, akajaribu. Kisha akamshika bega.

"Nisamehe, mama," Luciana alisema. "Nilichoka sana."

"Najua ulichoka. Mimi pia nimechoka, na huyu Azizi amechoka. Ungeniambia, 'Mama, siwezi, njoo tusaidiane,' ningeshuka. Kuchoka si kosa, mwanangu. Kosa ni kumpa mwenzako uhakika ambao wewe mwenyewe huna. Mimi nililala kwa sababu ya neno lako."

Luciana aliinamisha kichwa.

"Mama, na mimi nina sehemu yangu," Azizi alisema kwa sauti ya chini. "Niliona limeingia, nikasema limetosha. Sikusoma namba."

"Ndiyo. Kitu kuingia si kufaa," mama alijibu. "Tupime kwanza, hata tukiwa hoi. Lakini Luciana, ulisema ukweli ukijua utakuaibisha, na ulisema kabla ya mteremko. Hilo nalo nimeliona. Panda gari, twende nyumbani."

Luciana alipanda. Mama naye aliketi kiti cha nyuma, kando yake, na kabla hawajafika kwenye lami alikuwa amelala tena, kichwa chake begani kwa binti yake.