Nyasi Zisizotaka Maji

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Mawingu alifagia ua, kisha akachuchumaa kando ya nyasi za bibi yake. Jina hilo alibandikwa na kaka yake, maana akizubaa, hata umwite mara tatu hasikii.

Nyasi zenyewe ziliota kwenye kokoto, pale jua linapopiga kutwa. Mashina yake yalikuwa membamba kama uzi, na kila moja lilibeba kichwa cheupe, laini kama manyoya ya kifaranga. Upepo ukipita zote ziliinama pamoja, naye Mawingu akajiona anaelea juu yake, mwepesi, hana begi wala daftari la hesabu.

Aliziona kama zina kiu. Bibi alikwisha kumkataza kuzimwagilia, lakini huruma ikamzidi. Wiki nzima akazimwagia kopo baada ya kopo, Bibi akiwa bado ndani anasali.

Jumamosi, nyasi zilikuwa zimelala chini, rangi ya manjano. Bibi akang'oa shina moja, akalinusa.

"Huu ni ugonjwa," akasema taratibu. "Itabidi nizing'oe zote, usije ukaenea kwenye maua."

"Si utapanda nyingine, Bibi?"

"Kwa mbegu gani, mjukuu wangu? Hizi huishi msimu mmoja tu. Mbegu zimo humo humo vichwani, na bado hazijakomaa."

"Labda zimechoka kukodolewa macho na Mawingu," kaka yake akatania.

Mawingu hakucheka. Bibi alikuwa ameshainua jembe.

"Bibi, usizing'oe. Si ugonjwa, ni mimi. Nilizimwagilia kila siku."

Bibi akashusha jembe. Akachimba kwa vidole. Chini kulikuwa na tope tupu. Mawingu akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Haya," Bibi akasema, "kalete vijiti."

Wakachimba mfereji maji yatoke, wakatupa zilizooza, wakaziegemeza zilizobaki kwenye vijiti. Jua likafanya kazi yake. Mwezi ulipokwisha, vichwa vilivyopona vilikauka. Bibi akavipukusa juu ya kitambaa, na Mawingu, aliyeshika pembe zake, alibana pumzi asije akapeperusha hata mbegu moja.

"Maji yako yametuulia nusu ya nyasi," Bibi akamwambia. "Kimya chako kingezimaliza zote. Ukikosea, mama, sema mapema, kabla mwenzio hajashika jembe."