Wimbo Uliofumuliwa

Kila jioni Chiriku alikuwa na kazi mbili: kupiga pasi nguo zilizokwisha kushonwa, na kuvumilia kelele. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kilipakana na chumba cha kaka yake Chiriku, mpenzi wa muziki wa roki. Gitaa la umeme lilinguruma, ngoma zikafuata, na Kaka akaimba kwa kupaza sauti, "Nifungulie mlango!" mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka.

Siku moja Baba aliishiwa na subira. "Huo si wimbo, huo ni ugomvi! Kaupigie huko huko nje!"

Kaka alibeba gitaa lake akahamia kwa rafiki yake. Nyumba ikawa kimya, na kimya hicho kilimuuma Chiriku kuliko zile kelele. Alitaka jambo moja tu: kaka yake arudi.

Tena yeye alijua siri ya wimbo ule. Chini ya makelele mlikuwa na maneno haya: "Nimechoka kusimama nje, nina neno la kukwambia." Kaka alikuwa akizungumza na Baba, lakini Baba hakuwahi kuyasikia.

"Kaka, naomba niufanye wimbo wako uwe mpole," Chiriku alimwambia alipomfuata kwa rafiki yake.

Kaka alicheka. "Unataka kumvalisha simba soksi? Haya, chukua rekodi yake. Lakini ukiuharibu utanitambua!"

Mwalimu wa muziki alimruhusu kutumia kompyuta ya shule. Chiriku alipunguza sauti, akapunguza na mwendo, akadhani amemaliza. Alipowachezea wenzake, sauti ya Kaka ilitoka kama ng'ombe anayeumwa tumbo.

"Huyo anaimba au anaomba dawa?" mmoja aliuliza. Darasa zima likaangua kicheko.

Alirudi nyumbani amenywea, akamwambia Baba kwamba wimbo alioutengeneza shuleni umechekwa. Baba alikuwa akiligeuza koti la mtu mzima liwe la mtoto.

"Baba, si ungekata tu mikono na pindo?"

"Nikilipua kazi hivyo, mtoto ataonekana amevaa gunia. Koti nalifumua lote kwanza, nikijue kila kipande, halafu nalishona upya kwa kipimo chake."

Chiriku aliisimamisha pasi. Kumbe yeye alikuwa amekata pindo tu!

Kesho yake akaanza upya. Aliziondoa ngoma. Noti za gitaa alizipiga moja moja kwenye kinanda. Maneno aliyaimba mwenyewe, taratibu, akirudia kila alipokosea. Vidole vilimuuma, lakini hakuacha. Mwishowe wimbo ulikosa mapigo tu.

"Baba, niruhusu nirekodi cherehani yako."

"Rekodi, mwanangu. Leo mashine yangu imekuwa msanii!"

Siku ya kufunga shule, ukumbi ulijaa wazazi. Baba alikaa mbele. Kaka, aliyealikwa na Chiriku, alisimama mlangoni. Wimbo wa Chiriku ulianza kwa mlio wa cherehani, na Baba akashtuka. "Hiyo si mashine yangu?" Kisha yakaja maneno. Ulipofika "nifungulie mlango, nimechoka kusimama nje," Baba alivua miwani akafuta macho.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi na vigelegele. Baba aliinuka, akaenda moja kwa moja mlangoni kwa Kaka.

"Maneno haya umeyatunga wewe?"

"Ndiyo, Baba. Ni yale yale niliyokuwa nikiyapigia kelele."

"Nami nilisikia kelele tu. Nisamehe, mwanangu. Twende nyumbani."

Chiriku aliwakimbilia, furaha imemjaa tele. Baba alimshika bega. "Umeshindwa mara ya kwanza, umechekwa, na bado umerudi kuifanya kazi ipasavyo. Ungeilipua, tungecheka tukasahau. Bidii yako ndiyo iliyonifanya nisikilize. Ishike hiyo, katika kila kazi."

Jioni ile gitaa lilinguruma tena na vioo vikatetemeka. Chiriku alimwona Baba akiinuka, akaingiwa na hofu. Lakini Baba aliufungua wazi mlango wa chumba cha Kaka, akarudi kwenye cherehani yake, akaanza kukanyaga kwa kufuata mapigo.